Eti ni Nadharia Tu

Kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia, na wewe pia unaijua. Mtu huitoa akiwa amekunja nne, sauti imetulia, kama hakimu anayesoma uamuzi: "Lakini mageuko si ni nadharia tu?" Halafu anarudi kwenye chai yake. Kesi imeisha.

Nimeisikia kwenye matatu. Nimeisikia matangani. Nimeisikia darasani kutoka kwa mwalimu wa biolojia aliyekuwa akilipwa kutufundisha nadharia hiyo hiyo, akatuambia tuikariri kwa ajili ya mtihani kisha tuiache pale pale kwenye karatasi. Lakini wanaoniudhi zaidi ni watu wetu, watu wa vitabu, washairi na wahariri na wanafunzi wa fasihi, ambao neno "nadharia" limejaa midomoni mwao kila siku.

Nadhani shida yao inaanzia hapo. Aliyesomea fasihi anajua nadharia kama kitu cha kuchagua. Unafika sura ya pili ya tasnifu, unatazama rafu: umaksi, ufeministi, umuundo, udhanaishi. Unachukua inayokufaa, unaivalisha riwaya. Mwenzako akichukua nyingine hakuna ugomvi, nyote mtafuzu. Kwa hivyo mtu huyu akisikia "nadharia ya mageuko" anadhani nayo ni miwani, leo unavaa, kesho unavua.

Sayansi hailitumii neno hilo hivyo. Huko, nadharia ni maelezo yaliyobeba ushahidi kutoka pande nyingi, yakajaribiwa kwa miaka na watu waliotamani sana kuyaangusha, yakakataa kuanguka. Kwamba vijidudu huleta magonjwa ni nadharia. Kwamba vitu vyote vimeundwa kwa atomu ni nadharia. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia daktari wa upasuaji, "Acha kunawa mikono, buda, hiyo ya vijidudu ni nadharia tu."

Sentensi ya pili huja ikifuata ya kwanza kama kondakta anavyomfuata dereva: "Mimi sikutoka kwa nyani." Enyewe hukutoka. Hakuna mwanasayansi anayesema ulitoka. Nyani ni yule anayekaa kando ya barabara pale Gilgil akingoja mtu arushe ndizi, ana mkia na pua ndefu kama ya mbwa. Kiswahili kina nyani, tumbili, kima, mbega, komba na sokwe, na kila jina lina mwenyewe. Ni uvivu wetu tu unaowatia wote gunia moja. Yanachosema mageuko ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, walioishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambao hawakuwa sokwe wa leo wala watu wa leo. Nyani ni jamaa wa mbali zaidi. Kwa hivyo ukiuliza, "Kama tulitoka kwao, mbona bado wapo?" ni kama kuuliza, kama mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, mbona binamu bado anaishi?

Hebu tuache wanyama kidogo, tuongee lugha, kwa sababu hapo watu wa vitabu hamna pa kukimbilia. Sisi tunasema mtu. Mgiriama anasema mutu. Mkamba na Mkikuyu wanasema mũndũ. Mluhya anasema omundu. Ukivuka Busia uende Kampala ni omuntu, na kule mbali kwa Wazulu ni umuntu. Sote tunakubali kwamba hayo si mambo ya bahati nasibu, kwamba kulikuwa na lugha mama ya kale iliyogawanyika watu walipotawanyika. Nani aliisikia lugha hiyo? Hakuna. Hakuna kinasa sauti wala maandishi. Tunaijua kwa mabaki yaliyo ndani ya lugha zilizo hai, jinsi yanavyofanana na jinsi yanavyotofautiana kwa utaratibu.

Tena angalia jambo hili. Katika safari yote hiyo ya miaka maelfu, hakuna mama hata mmoja aliyezaa mtoto wasiyeelewana naye. Kila mtoto aliongea kama mamake, isipokuwa kidogo tu. Hicho kidogo kikarudiwa kizazi baada ya kizazi, hapa mto ukiwatenganisha watu, pale jangwa, hadi leo Mzulu na Mgiriama wanahitaji mkalimani. Hakuna siku iliyotangazwa kwamba kuanzia leo asubuhi hiki ni Kiswahili. Na sijawahi kumsikia mtu akisimama kwenye kongamano na kuuliza, "Kama Kiswahili kilitokana na lugha ya kale ya Kibantu, mbona Kikamba bado kipo?" Mantiki mnayoikubali kwa midomo yenu mnaikataa kwa mifupa yenu. Kwa nini?

Sawa, turudi kwa mifupa, na tuko nayo mingi. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za rangi ile ile. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Kutokana na kipande hicho wachimbaji wakatoa mifupa zaidi ya 100 ya mvulana mmoja. Meno yake yanaonyesha alikuwa na umri wa takriban miaka 8 au 9, ingawa alikuwa na kimo cha karibu sentimita 160. Aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kuanzia shingo kwenda chini, mifupa yake inafanana sana na yako: miguu mirefu, nyonga ya mtu anayetembea wima. Lakini ubongo wake ulikuwa wa takriban sentimita za ujazo 880, na wetu ni karibu 1350. Hana kidevu kama chako. Ana ukingo wa mfupa juu ya macho. Sasa nieleze, ndugu msomaji: huyu ni mtu au si mtu? Ukisema ni mtu, fuvu linakusuta. Ukisema si mtu, miguu inakusuta. Miaka nenda rudi mmekuwa mkidai mwonyeshwe kiumbe wa katikati, naye yuko Nairobi, Museum Hill, umbali wa nauli ya matatu kutoka mjini.

Na hayuko peke yake. Kutoka vilima vya Tugen, Baringo, kuna mifupa ya Orrorin, ya takriban miaka milioni 6, iliyopatikana mwaka 2000. Kutoka Kanapoi kuna kiumbe wa zaidi ya miaka milioni 4 ambaye mfupa wake wa muundi unaonyesha alitembea kwa miguu miwili. Kutoka Koobi Fora kuna fuvu namba 1470, lililoonwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, la karibu miaka milioni 2, lenye ubongo mkubwa kuliko wa sokwe na mdogo kuliko wa mvulana wa Nariokotome. Kutoka Lomekwi kuna zana za mawe za miaka milioni 3.3. Na ukishuka hadi Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, kuna mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa kimewekwa kama kilichokuwa juu ya mto. Huyo ni mtu kama sisi, amezikwa na watu kama sisi. Wanasayansi wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

"Lakini hiyo miaka waliihesabu vipi? Walikuwepo?" Hawakuwepo, na mpelelezi pia hawi kwenye mauaji. Turkana imezungukwa na historia ya volkano. Volkano ikilipuka inamwaga majivu, majivu yanatanda kama shuka, na juu yake udongo mwingine unaendelea kutanda. Ndani ya fuwele za majivu hayo kuna potasiamu ya aina inayooza polepole na kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa limeyeyuka gesi hutoroka, likishaganda gesi hunaswa. Nusu ya potasiamu hiyo huoza kwa miaka bilioni 1.25, mwendo unaopimwa maabara. Kwa hivyo unapima gesi iliyonaswa, unajua saa iliwashwa lini. Mfupa ukiwa katikati ya matabaka mawili ya majivu, umri wake uko katikati ya umri wa matabaka hayo. Hii si imani. Fizikia hiyo ya kuoza kwa atomu ndiyo hutumika hospitalini mgonjwa wa saratani anapopewa tiba ya mionzi.

Tufanye basi mnaikataa mifupa yote. Itupeni ziwani. Bado mna kesi ya kujibu, kwa sababu shahidi mwingine yuko ndani ya kila chembe ya mwili wako na hawezi kutupwa. Binadamu ana kromosomu 46. Sokwe, gorila na orangutani wana 48. Kama tulikuwa na babu mmoja, jozi moja imeenda wapi? Haiwezi kupotea tu, kiumbe angekufa. Kwa hivyo nadharia yenyewe ilijifunga kitanzi: lazima kromosomu mbili za zamani ziwe zimeungana kwetu, na muungano huo uonekane. Wakaangalia. Kromosomu namba 2 ya binadamu ina katikati yake alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha, kama mahali ambapo kamba mbili zimefungwa fundo. Ina pia mabaki ya kitovu cha pili, wakati kromosomu huwa na kimoja. Na ukiilaza kando ya kromosomu mbili za sokwe, zinalingana. Nadharia ingeweza kuanguka siku hiyo. Haikuanguka.

Ama chukua machungwa. Mbuzi haugui kiseyeye kwa kukosa matunda, kwa maana mwili wake hujitengenezea vitamini C. Wewe huwezi. Cha kushangaza ni kwamba jeni ya kazi hiyo unayo, ila imeharibika, imekaa humo kama gari bovu lililoegeshwa nyuma ya nyumba. Sokwe naye ana gari bovu lile lile, limeharibika kwa namna ile ile. Ukipata madereva wawili wana gari la aina moja, utasema ni bahati. Ukikuta magari yote mawili yana mikwaruzo ile ile, mahali pale pale, utauliza kama yalikuwa katika ajali moja.

Hadi hapa mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya zamani, yananisaidia nini mimi ninayetafuta kodi ya nyumba? Basi acha nikuambie ninachogombania.

Nina shangazi huko Siaya aliyezika watoto wawili. Wote walianza vivyo hivyo: mikono na miguu kuvimba wakiwa wachanga, macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie hadi sauti iishe. Kule alikoolewa wazee waliamua ni chira, kwamba mama yao alivunja mwiko fulani na sasa watoto wanalipa. Hakuna aliyemtazama baba mtu. Shangazi alirudi kwao akiwa na sanduku moja. Miaka mingi baadaye, baada ya mtoto wa tatu kupimwa damu katika hospitali ya wilaya, ndipo neno selimundu lilipoingia katika familia yetu. Mtoto huyo yuko hai, anatumia dawa. Lakini hakuna aliyerudi kwa shangazi kusema pole.

Selimundu ndiyo ushahidi wa mageuko niupendao na niuchukiao kuliko wote. Herufi moja tu katika maandishi ya DNA imebadilika, na himoglobini inakunja chembe nyekundu za damu hadi zinafanana na mundu. Ukirithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, unaugua. Ukirithi kutoka kwa mmoja, huugui, unaibeba tu. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa. Baba na mama, nusu kwa nusu. Hakuna chira hapo.

Sasa swali: jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingepaswa kupungua hadi iishe. Mbona Nyanza na Pwani imejaa? Jibu lilipatikana hapa hapa kwetu. Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949. Akaona kitu cha ajabu. Karibu na Pwani na Ziwa Viktoria, wabebaji walizidi asilimia 20. Nyanda za juu na maeneo makavu, hawakufika hata asilimia 1. Weka ramani hiyo juu ya ramani ya mbu na malaria: ni ramani moja. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mbebaji wa jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi walifuatilia watoto na kuchapisha mwaka 2005 kwamba kubeba jeni moja kunakinga karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Umeelewa maana yake? Kwa mamia ya vizazi, kando ya ziwa, malaria ilipita nyumba kwa nyumba ikichagua. Watoto waliobeba jeni moja walibaki hai mara nyingi zaidi, wakakua, wakazaa, wakairithisha. Bei ya uhai wao ikawa ni wale wachache waliorithi mbili. Huo ndio uteuzi asilia, na hauhitaji Darwin wala kisiwa cha mbali. Umo kwenye damu ya Mjaluo, ya Mluhya, ya Mmijikenda. Shangazi yangu hakubeba laana. Alibeba kovu la vita ambavyo mababu zake walishinda. Tofauti ya maelezo haya mawili si ya kitaaluma. Ya kwanza ilimfukuza nyumbani kwake. Ya pili ingewapeleka yeye na mumewe wakapimwe damu kabla ya mtoto wa pili.

Sisi tulifundishwa selimundu kidogo, katika mada ya jenetiki, kama ugonjwa tu wa kuchora kwa penseli. Ilipofika mada ya mageuko, Kidato cha Nne, mihula ikiisha na kila mtu akiwa amechoka, mfano tuliopewa ulikuwa nondo wa Manchester waliobadilika rangi kwa sababu ya moshi wa viwanda. Sina ubaya na nondo wa Manchester. Lakini mtoto wa Siaya anafundishwa mageuko kwa mdudu wa Uingereza wakati damu yake mwenyewe ndiyo somo? Na ziwa liko pale. Takriban miaka 15,000 iliyopita Ziwa Viktoria lilikuwa limekauka. Leo, au tuseme kabla mbuta hajaingizwa miaka ya 1950 akaanza kuwamaliza, lilikuwa na takriban spishi 500 za fulu, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Wengine wanakula konokono, wengine mwani, wengine magamba ya wenzao. Wako wanaoishi kina kirefu, ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi, na macho yao yamejipanga kuona wekundu, na madume yao ni mekundu. Ndugu zao wa juu wana madume ya buluu. Manze, watafiti wanasafiri kutoka Ulaya kuja kutazama hiyo maajabu. Sisi tunaifunga kwenye gazeti kwa kipimo cha mkebe.

Malaria yenyewe nayo inageuka mbele ya macho yetu. Bibi yangu alikuwa akimeza klorokwini na kupona. Vimelea vilivyostahimili dawa vikabaki, vikazaana, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza. Malawi waliiacha mapema zaidi, mwaka 1993. Na unajua nini kilitokea huko? Baada ya miaka kama 10 bila dawa hiyo, vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vilikuwa vimerudi na kuchukua nafasi, kwa sababu bila dawa ule ustahimilivu haukuwa na faida tena. Mageuko yakaenda mbele, yakarudi nyuma, kwa mujibu wa kanuni. Kila unaponunua vidonge vitatu vya antibiotiki dukani badala ya dozi nzima, unafanya jaribio hilo hilo mwilini mwako. Bakteria hawajali kama unaliamini.

Najua wengine mmekuwa mkingoja kusema neno lenu: hii ni sayansi ya mzungu. Hoja hii naiheshimu zaidi kuliko zingine, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Wako Wazungu waliotumia jina la mageuko kupanga watu kwa ngazi, wakajiweka juu, wakatuweka chini. Lakini soma historia hadi mwisho. Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba huenda mababu wa binadamu waliishi Afrika. Wenzake wengi hawakutaka kusikia. Fuvu la mtoto wa Taung lilipopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, wakubwa wa London walilidharau, kwa sababu tayari walikuwa na babu yao wa Kiingereza, mtu wa Piltdown, aliyetangazwa mwaka 1912. Babu huyo alikuwa bandia: fuvu la mtu lililowekewa taya la orangutani. Mwaka 1953 wanasayansi wenyewe wakaufichua ulaghai huo. Kwa hiyo ubaguzi ulitaka asili ya mtu iwe Uingereza, na ushahidi ukaileta Afrika kwa nguvu. Jeni nazo zikamaliza ubishi: utofauti mwingi zaidi wa kijenetiki uko kwa Waafrika, na walioko nje ya bara ni tawi la waliotoka hapa.

Na ni nani aliyeuchimba ushahidi huo? Kamoya Kimeu alitoka Ukambani, hakuwa na shahada ya kuanzia kazi, alijifunza mifupa kwa macho na mikono tangu 1960. Mwaka 1985 alipokea nishani mjini Washington kutoka kwa Rais Reagan. Alifariki mwaka 2022. Muulize mtoto yeyote wa Nairobi ataje wachezaji watano wa Arsenal, atataja kumi. Muulize Kamoya Kimeu ni nani. Kuiita kazi ya mtu huyu sayansi ya mzungu ni kumnyang'anya mara ya pili.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Tangu hapo nakula kwa kalamu: leo naandika maelezo ya mitungi ya gesi kwa duka la mtandaoni, kesho insha ya mwanafunzi wa ng'ambo asiye na muda. Mara tatu nimelipwa kwa dola kueleza mvulana wa Nariokotome kwa watu ambao hawawezi kuionyesha Turkana kwenye ramani. Kwa Kiswahili, hakuna aliyewahi kuniomba hata aya moja. Hiyo ndiyo hali ya soko la maarifa yetu: mfupa unatoka Turkana, maelezo yanaandikwa Rongai, cheti kinatolewa kwao, na nyumbani tunabaki na "ni nadharia tu."

Dini? Sikuja kugombana na Mungu wa mtu. Mamangu ni wa kanisa na ananiombea kila siku. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kubahatisha, na hakuacha kuwa Papa. Ninaogombana nao ni wale walioamua kwamba imani yetu ni dhaifu kiasi cha kuogopa mfupa. Mwaka 2006, jumba la makumbusho la Nairobi likikarabatiwa, baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka mifupa hii iwekwe pembeni, isipewe heshima. Jumba lilikataa, na lilifanya vizuri. Nchi inayowaficha wazee wake chumba cha nyuma wageni wakija ina shida, na shida hiyo haiko kwa wazee.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Walimu, fundisheni mageuko kwa damu yetu, kwa samaki wetu, kwa dawa zetu zilizoshindwa, na msiombe radhi mnapofundisha. Wahubiri, mkikutana na mama mwenye mtoto wa macho ya manjano, mwambieni aende na mumewe kupimwa kabla hamjamwombea, kisha mwombeeni. Wahariri, lipieni sayansi kwa Kiswahili jinsi mnavyolipia siasa. Na wewe uliyekunja nne, sikukatazi kubisha. Nadharia hii inaweza kuangushwa, ndiyo maana inaitwa sayansi. Leta fuvu la mtu kutoka tabaka moja na dinosaria. Leta mifupa ya mbuzi kutoka kwenye miamba ya zamani ambayo hata samaki hawajaonekana. Kipande kimoja tu, kiwe kidogo kama kile alichookota Kamoya. Watu wametafuta kwa zaidi ya miaka 150 na hawajakipata. Ukikipata, nipigie, nitakuandikia makala bure.